Ndui: Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Ndugu msikilizaji, mwulize kijana wa leo maana ya ndui. Akijitahidi sana atakwambia ni jina jingine la tetekuwanga. Hana kosa. Ndui haionekani tena mitaani wala vijijini, na daktari aliyehitimu mwaka jana hajapata kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Lakini ndui haijatoka duniani kabisa. Virusi vyake vimehifadhiwa kwenye majokofu ya maabara mbili. Moja iko Atlanta, nchini Marekani. Ya pili iko Koltsovo, karibu na mji wa Novosibirsk, huko Siberia nchini Urusi. Na kila inapozungumzwa hatari ya magaidi kutumia maradhi kama silaha, ndui hutajwa mwanzo, pamoja na kimeta na tauni.

Katika mazungumzo ya leo nataka tuitazame hatari hiyo kwa jicho la historia. Tunapotajiwa ugaidi wa aina hii, picha inayotujia ni ya mtu asiyejulikana anayepenya katika umati akiwa na chupa mfukoni. Picha hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tukizifungua kumbukumbu na kuuliza ni nani hasa waliopata kudhuru watu kwa vijidudu vilivyofugwa, na vijidudu hivyo vilitoka wapi, mara nyingi jibu tunalikuta mahali pengine. Wahenga walikwisha sema: kikulacho ki nguoni mwako.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndui ilianza kwa homa kali, kichwa kuuma na mgongo kuuma. Kisha vipele vilitokeza usoni, mikononi na miguuni, vikajaa usaha. Kwa ndui ile kali, katika wagonjwa kumi watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni maisha yao yote, na baadhi walipofuka macho. Iliambukizwa hasa kwa pumzi, watu wanapokuwa karibu. Tangu mtu aingiwe na virusi mpaka aanze kuumwa zilipita siku kumi na mbili hivi, na katika siku hizo alikula, alitembea na kusafiri kama mtu mwenye afya njema.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliijua vizuri. Katika karne ya 19 ndui ilifuatana na misafara iliyotoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, baada ya sotoka kufagia ng'ombe wa Wamasai, ndui iliwakuta watu waliokwisha dhoofika kwa njaa, ikawafagia nao. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo iliungana na njaa kubwa katika nchi ya Wakikuyu. Wataalamu wanakisia kwamba katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu wapatao milioni 300 duniani. Karne hiyo ilikuwa na vita vikuu viwili, na vita vyote viwili vikijumlishwa havifikii hesabu hiyo.

Ugonjwa wa namna hii haukukosa watu wa kuufikiria kama silaha. Mwaka 1763 ngome ya Waingereza iliyoitwa Fort Pitt, mahali ulipo leo mji wa Pittsburgh nchini Marekani, ilizingirwa na wenyeji wa asili waliokuwa wakipigania ardhi yao. Ndani ya ngome mlikuwa na wagonjwa wa ndui. Tarehe 24 Juni walifika wajumbe wawili wa kabila la Delaware kwa ajili ya mazungumzo. Walipoondoka walipewa blanketi mbili na leso moja, vitu vilivyotolewa katika hospitali ya wagonjwa wa ndui. Tunalijua jambo hili kwa sababu mfanyabiashara mmoja aliyekuwamo ngomeni, William Trent, aliliandika katika daftari lake mwenyewe. Majuma machache baadaye mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Amerika, Jeffery Amherst, naye akaandika barua kupendekeza hila hiyo hiyo. Wanahistoria wanabishana kama blanketi zile ndizo zilizoua watu, maana ndui ilikuwa tayari imeingia katika sehemu hizo. Juu ya nia hakuna ubishi.

Miaka 33 baadaye ilipatikana kinga. Mwezi Mei 1796 daktari Mwingereza aitwaye Edward Jenner alimchanja mtoto wa kiume kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ugonjwa hafifu ambao wakamuaji waliupata viwelenii, kisha akaona kwamba ndui ya watu haimshiki tena. Hata sisi Waswahili tulipolipa jina jambo hili tulitazama mkono wa mganga: chanjo imetokana na kuchanja, yaani kutia chale. Siku hizi tunachanjwa kwa sindano, hata kwa matone ya mdomoni, lakini jina ni lile lile.

Pamoja na kinga hiyo, mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 10 na milioni 15 walikuwa wakiugua ndui kila mwaka, na milioni 2 kati yao wakifa. Lakini lilikuwa limekwisha anza jambo ambalo mpaka leo ni la kujivunia kwa binadamu wote. Mwaka 1958, vita baridi vikiwa vimepamba moto, mjumbe wa Umoja wa Kisovieti, Profesa Viktor Zhdanov, alisimama katika mkutano wa shirika hilo mjini Minneapolis, ndani ya Marekani kwenyewe, akapendekeza kwamba dunia nzima iungane kuifuta ndui. Mpango ukakubaliwa. Ulipotiwa nguvu mpya mwaka 1967, aliyepewa kuuongoza alikuwa Mmarekani, Daktari D. A. Henderson. Wasovieti wakatoa zaidi ya dozi bilioni moja za chanjo. Mataifa mawili yaliyoelekezeana makombora ya nyuklia yakawa yanashirikiana katika sindano moja.

Ndui ilikuwa na udhaifu mmoja: haikuishi kwa mnyama yeyote, iliishi kwa binadamu tu. Kwa hiyo ikikosa mtu wa kumrukia, hufa. Wachanjaji wakabuni mbinu ya kumtafuta kila mgonjwa nyumba kwa nyumba, kumtenga, kisha kuwachanja wote waliomzunguka, kama watu wanaozuia moto wa nyika kwa kufyeka majani pande zote. Mwaka 1975 ndui ile kali ikakomea Bangladesh. Ikabaki ndui hafifu zaidi katika Pembe ya Afrika.

Mwisho wake ulikuwa karibu na kwetu. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Marka, katika pwani ile ile ya Banadir ulipo mji wa Barawa wanakosema Chimwiini, gari lililobeba watoto wawili wagonjwa wa ndui lilisimama hospitalini kuulizia njia ya kwenda kambi ya kuwatenga wagonjwa. Mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin, akapanda garini kuwaonyesha njia. Safari ilikuwa ya dakika chache. Chanjo alikuwa ameikwepa. Baadaye alieleza kwamba aliogopa maumivu. Majuma mawili hivi baada ya safari ile akaota vipele. Watafutaji waliwafuatilia watu 161 waliokutana naye, na katika majuma mawili wakachanja watu zaidi ya 50,000 katika mji huo na vitongoji vyake. Maalin alipona. Hakuna mtu aliyeambukizwa kutoka kwake, na baada yake hakuna tena binadamu aliyepata ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 26 Oktoba 1979, mjini Nairobi, ilitangazwa kwamba Pembe ya Afrika imesafika. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likautangazia ulimwengu kwamba ndui imekwisha.

Ndugu msikilizaji, laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini wakati mikono ile ikichanja mchana, mikono mingine ilikuwa ikifanya kazi nyingine usiku.

Katika bahari ya ndani iitwayo Aral, mpakani mwa nchi ambazo leo ni Kazakhstan na Uzbekistan, palikuwa na kisiwa kilichoitwa Vozrozhdeniya, maana yake Kuzaliwa Upya. Jeshi la Kisovieti lilikitumia kwa majaribio ya silaha za maradhi. Mwaka 1971 meli ya utafiti wa samaki iitwayo Lev Berg ilipita katika maji hayo. Mtaalamu mmoja kijana, mwanamke, akarudi nyumbani kwake katika mji wa Aralsk akiwa na homa. Ilikuwa ndui. Waliougua walikuwa 10, na wote watatu ambao hawakuwa wamepata chanjo walikufa: mwanamke mmoja na watoto wachanga wawili. Serikali ikaufunga mji na kuchanja watu wapatao 50,000. Mji ukanusurika, lakini habari zikafungiwa kabatini. Shirika la Afya Duniani, ambalo wakati ule lilikuwa linahesabu kila mgonjwa wa ndui duniani, halikuambiwa. Dunia ilikuja kuisoma ripoti ya Aralsk mwaka 2002. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba maambukizo yale yalipatikana katika bandari fulani na si kisiwani. Lakini Jenerali Pyotr Burgasov, aliyekuwa mganga mkuu wa afya ya jamii wa Umoja wa Kisovieti, alisema mwaka 2001 kwamba yalitokana na jaribio la silaha.

Mwaka uliofuata baada ya Aralsk, yaani 1972, ulitiwa saini mkataba wa kupiga marufuku silaha za maradhi. Ulianza kutumika mwaka 1975, na Umoja wa Kisovieti ulikuwa mmoja wa mataifa matatu yaliyokabidhiwa kuutunza. Wakati huo huo uliunda shirika liitwalo Biopreparat, ambalo kwa nje lilitengeneza dawa na chanjo, na kwa ndani lilitengeneza silaha za vijidudu. Siri ilianza kuvuja mwaka 1989, mkuu wa taasisi mojawapo, Vladimir Pasechnik, alipokimbilia Uingereza. Mwaka 1992 akahamia Marekani Kanatjan Alibekov, ambaye dunia inamjua kwa jina la Ken Alibek, na aliyekuwa naibu mkuu wa kwanza wa Biopreparat. Kwa maelezo yake, nchi iliyopendekeza kuifuta ndui ilikuwa imeiweka ndui hiyo ghalani kwa tani, tayari kwa vita.

Tusidhani kwamba Wasovieti walikuwa peke yao. Mwaka 1942 Waingereza walifyatua mabomu ya kimeta katika kisiwa cha Gruinard, pwani ya Scotland, wakaua kondoo waliofungwa huko kwa ajili ya majaribio. Kisiwa kile hakikuruhusiwa watu mpaka mwaka 1990, baada ya kusafishwa. Marekani nayo ilikuwa na mpango wake mkubwa wa silaha za maradhi mpaka Novemba 1969, Rais Richard Nixon alipoamuru ukomeshwe.

Na sasa tutazame waliokufa. Mwezi Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk, ambao leo unaitwa Yekaterinburg, watu walianza kuanguka kwa homa na kukosa pumzi. Wasiopungua 66 walikufa. Serikali ikasema wamekula nyama ya ng'ombe mwenye kimeta, jambo ambalo sisi wafugaji tunaweza kuliamini kwa urahisi, maana tunamjua anayekula kibudu. Mwaka 1992 Rais Boris Yeltsin alikiri kwamba jeshi lilihusika. Wachunguzi wakiongozwa na Mmarekani Matthew Meselson walichora katika ramani mahali walipokuwa wale waliougua. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yalionyesha mstari mwembamba ulioanzia kwenye kituo cha kijeshi ukafuata upepo wa siku moja, na mbele zaidi katika mstari ule ule mifugo ya vijijini ilikufa. Kimeta kile kilitengenezwa kwa ajili ya maadui. Kikawaua majirani wa kiwanda, watu waliokuwa wakienda zao kazini.

Hata pale ambapo hapakuwa na silaha, ghala lilileta msiba. Mwaka 1978, karibu mwaka mmoja baada ya Maalin, mpiga picha wa chuo cha tiba mjini Birmingham, Uingereza, Bi Janet Parker, aliugua ndui. Chini ya chumba alichofanyia kazi palikuwa na maabara iliyotafiti virusi hivyo. Alifariki Septemba 11. Mkuu wa maabara, Profesa Henry Bedson, alijiua kwa majonzi. Namna virusi vilivyomfikia marehemu haikuthibitika mpaka leo. Bi Parker ndiye mtu wa mwisho duniani kuuawa na ndui, na hakuipata safarini wala sokoni. Aliipata katika jengo la waganga.

Labda utaniuliza: na magaidi je? Wapo waliojaribu. Kundi la dini la Aum Shinrikyo la Japani lilikuwa na fedha nyingi na wanasayansi wa kusomea. Mwezi Oktoba 1992 kiongozi wake, Shoko Asahara, alikwenda Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na wafuasi wapatao 40, wakijidai kutoa msaada wa tiba. Wachunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani walieleza mwaka 1995 kwamba kundi hilo lilikuwa likiitafuta Ebola. Hakuna ushahidi kwamba waliipata. Mwaka 1993 wakapuliza kimeta kutoka juu ya jengo lao mjini Tokyo. Majirani walilalamikia harufu mbaya, lakini hakuna aliyeugua, kwani aina waliyokuwa nayo ilikuwa ile isiyo na nguvu inayotumiwa kwa chanjo. Walipofanikiwa kuua watu katika treni za chini ya ardhi mwezi Machi 1995, walitumia sumu ya kemikali.

Shambulio la kimeta lililoua lilikuwa lile la barua nchini Marekani, mwaka 2001, majuma machache baada ya Septemba 11. Watu 22 waliugua na 5 walikufa, wawili kati yao wakiwa wafanyakazi wa posta mjini Washington. Hofu ilivuka bahari. Mwezi Oktoba 2001 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba barua iliyofika Nairobi kutoka Marekani ilikuwa na kimeta, na watu wakaanza kuogopa bahasha zao. Vipimo vya baadaye vikaonyesha haikuwa kweli. Na barua zile za kweli, zilitoka kwa nani? Dunia ilitazama Baghdad, ikatazama milima ya Afghanistan. Baada ya miaka saba, polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walimtaja Bruce Ivins, mwanasayansi wa maabara ya jeshi la Marekani lenyewe huko Fort Detrick, aliyekuwa akitafiti chanjo ya kimeta. Alijiua Julai 2008 kabla ya kushtakiwa, kwa hiyo mahakama haikupata kuamua. Mwaka 2011 jopo la wanasayansi lilisema kwamba ushahidi wa kisayansi peke yake hautoshi kuthibitisha kimeta kile kilitoka chupa gani. Lakini aina ya kimeta iliyotumika ilikuwa ile ya maabara, siyo ya malishoni.

Unaona basi, ndugu msikilizaji, jinsi mambo yanavyofuatana. Birmingham, ghala. Sverdlovsk, ghala. Barua za Marekani, kwa maelezo ya wapelelezi wao wenyewe, ghala. Wale Wajapani wasiokuwa na ghala walitoka kapa. Ugonjwa wa kutisha si kitu cha kuokota njiani. Aliye nao ni yule aliyeutunza, na anayeutunza husema daima kwamba anautunza kwa ajili ya usalama.

Jambo hili linatuhusuje sisi? Linatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba hatuna kinga. Baada ya tangazo la 1980 dunia iliacha kuchanja ndui, na ilikuwa sawa kuacha, kwa sababu chanjo ile nayo ilikuwa na madhara yake kwa watu wachache. Kijana akikuonyesha kovu la chanjo mkononi, hilo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. La ndui wanalo watu wazima peke yao. Na kinga ile ilizuia kwa kiasi fulani hata ugonjwa wa jamaa yake ndui, ule ulioitwa ndui ya nyani na ambao tangu 2022 unaitwa mpox. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970, huko huko Kongo. Kadiri watu waliochanjwa walivyozeeka na wasiochanjwa walivyoongezeka, nao ukaongezeka.

Ya pili inauma zaidi. Baada ya barua za 2001 nchi tajiri zilishikwa na hofu ya ndui kutumiwa na magaidi. Marekani ilinunua chanjo ya kumtosha kila mwananchi wake. Ikagharamia pia chanjo mpya, iliyo salama zaidi, na chanjo hiyo ndiyo inayofaa kwa mpox. Mwaka 2022 mpox ilipoingia Ulaya na Amerika, watu wa huko walichanjwa. Kongo ilisubiri. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya dharura, tayari mwaka huo Kongo ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 15,600 na vifo 537, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto. Maambukizo yalikuwa yamekwisha ingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Shehena ya kwanza ya chanjo ilitua Kinshasa Septemba 5, dozi zisizofika hata 100,000, katika nchi yenye watu karibu milioni 100. Chanjo zilizonunuliwa kwa kuogopa ugonjwa usiokuwapo zilikaa baridini miaka na miaka, huku watu wakifa kwa ugonjwa uliokuwapo.

Na yale majokofu mawili? Shirika la Afya Duniani lilipanga virusi vya ndui viangamizwe mwisho wa 1993. Tarehe ikasogezwa mpaka 1995. Ikasogezwa tena mpaka 1999. Mwaka 2002 ikaahirishwa bila tarehe. Tusiwanyime haki yao wanaotaka virusi vitunzwe. Wanasema kwamba bila virusi halisi huwezi kupima dawa wala chanjo, na kweli dawa moja iliyotokana na utafiti huo iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Wanasema pia kwamba huwezi kujua nani mwingine ameficha chupa. Nalo ni kweli: Julai 2014, katika chumba cha baridi cha taasisi za serikali huko Bethesda, karibu na Washington, ziliokotwa katika sanduku chupa sita za ndui za miaka ya 1950 ambazo hapana aliyekumbuka kuwa zipo. Katika mbili, virusi vilikuwa bado hai. Na mwaka 2018 wanasayansi wa Canada walichapisha maelezo ya jinsi walivyounda upya kirusi cha ndui ya farasi kilichokwisha potea. Kwa hiyo, wanasema, kuvunja chupa mbili hakutaondoa hatari.

Hoja hizo nzito. Lakini zitazame vizuri. Chupa za Bethesda hazikufichwa na gaidi. Zilisahauliwa na wenyewe. Dawa imekwisha patikana, chanjo imekwisha patikana. Kama kila miaka kumi itatafutwa sababu mpya ya kuahirisha, basi neno kuahirisha limebadilika maana. Na mkataba ule wa 1972 mpaka leo hauna wakaguzi. Mkataba wa silaha za kemikali unao. Huu wa maradhi, nchi hutegemea kuaminiana, na tumeona Biopreparat ilivyouheshimu uaminifu huo. Mazungumzo ya kuweka ukaguzi yalivunjika Geneva mwezi Julai 2001, Marekani ilipoikataa rasimu. Miezi miwili baadaye barua za kimeta zikaanza kutumwa.

Katika mikutano ya Geneva nchi zetu zina kura sawa na wakubwa, na zina la kusema. Wachanjaji walioimaliza ndui Pembe ya Afrika walikuwa vijana wa huku, waliokwenda kwa miguu na kwa ngamia, na mtu aliyefunga kitabu cha ugonjwa huu alikuwa mpishi wa Marka. Alipopona, Ali Maow Maalin hakukaa kitako. Alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio, akiwaeleza wazazi waliosita kwamba yeye aliwahi kuikwepa chanjo na yaliyompata. Alifariki Julai 2013, kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo.

Watu waliotoa jasho namna hiyo wana haki ya kudai mambo matatu. Virusi vilivyobaki viwekewe tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Maabara zote zinazofuga vijidudu vya kuua, ziwe za mkubwa au za mdogo, zifunguliwe kwa wakaguzi. Na chanjo zilizorundikwa kwa hofu zigawiwe mapema mahali penye ugonjwa, siyo baada ya makaburi. Siku tangazo la 1980 liliposomwa, dunia nzima iliambiwa kwamba ndui imekwisha. Wenye funguo za majokofu yale mawili bado hawajatuambia ni lini itakwisha na kwao.